Mizinga ya Mombasa na Bonde la Lukuledi

Katika Fort Jesus ya Mombasa imewekwa mizinga miwili iliyotoka katika manowari mbili zilizopata kuwa adui. Mmoja ni wa Pegasus, manowari ya Kiingereza. Wa pili ni wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha ile ya kwanza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Leo imekaa mahali pamoja kama wazee wawili waliosahau ugomvi wao. Mpangilio huo wapendeza macho. Lakini ukumbusho ni kauli, na kila kauli hupimwa kwa yale isemayo na kwa yale inayoyanyamazia.

Kauli ya mizinga hii ni ya bahari. Mtazamaji aweza kuondoka akidhani kuwa habari ilianza Unguja ikaisha katika mto Rufiji, ambako Königsberg iliangamia tarehe 11 Julai 1915. Mto mwingine ni shahidi wa neno lililo kubwa zaidi, nao ni Lukuledi. Mnamo Oktoba 1914 manowari Chatham iliikuta meli ya Kijerumani, Präsident, imejificha katika mto huo karibu na Lindi, na karatasi zilizopatikana humo ziliwaelekeza Waingereza kwenye maficho ya Königsberg. Manowari ilipokwisha, mizinga yake kumi ilitolewa majini ikatengenezwa Dar es Salaam. Mingi ilitiwa magurudumu ikaanza safari ya nchi kavu. Katika nchi ambamo mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, wavutaji walikuwa watu.

Vita hivyo vya nchi kavu vilirudi Lukuledi. Katikati ya Oktoba 1917, penye Mahiwa, majeshi yalipigana siku kadhaa, na upande wa Waingereza peke yake ulipoteza watu zaidi ya 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwamo askari kutoka Nigeria. Kisha von Lettow-Vorbeck akapita uwanda wa Wamakonde na Newala, akavuka Ruvuma tarehe 25 Novemba. Nyuma ya kila jeshi walikwenda wapagazi wenye mizigo ya risasi na vyakula, na vihenge vya wakulima vililisha pande zote mbili.

Je, sanaa ya ukumbusho imewatendeaje watu hawa? Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson, ilisimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Yamwonyesha askari mmoja, amenyosha bunduki yenye singe. Maandishi yake huwataja wapagazi, na kwa Kiswahili pia. Sifa hiyo isipunguzwe. Lakini huwataja kama viungo vya mwili wa jeshi. Kiungo hakina jina, hakina mama, wala hakina shamba lililobaki bila mlimaji. Hapo ndipo heshima yenyewe inapogeuka upungufu. Nayo si dhana tupu: mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu 116,000 au zaidi waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Umma usio na patasi ulijiwekea ukumbusho wake katika ulimi. Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi, lililotoka katika Kiingereza likapewa sura ya Kiswahili. Kwa neno moja limewakusanya wote ambao shaba haikuwachonga. Hata hivyo, jina nalo huchakaa kwa kutumiwa. Anayekwenda Kariakoo kununua kitambaa aweza kuishi miaka sabini asijue kuwa anatamka habari za wafu. Jiwe bila simulizi ni bubu. Na jina bila simulizi ni sauti tupu.

Kwa hiyo lawama haihitaji kuihamisha mizinga wala kuivunja sanamu. Yahitajiwa nyongeza. Yafaa ukumbusho wa Mombasa umwambie mtazamaji ni nani walioivuta mizinga ya Königsberg baada ya bahari kuiacha, na njia ya vita hivyo iliishia wapi. Na katika bonde la Lukuledi, Masasi na Newala, yafaa majina yaliyosalia katika masimulizi ya Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao yaandikwe kabla wajukuu wanaoyakumbuka hawajatoweka. Bandari ina haki ya kujivunia chuma chake. Lakini chuma hakitembei. Kila kilipoonekana mbali na maji, palikuwa na bega chini yake, na bega hilo lilikuwa la mtu.