Gololi, Uzi na Jibu Linalojulikana Mapema

Mwanafunzi wa Buwenge, Uganda, akining'iniza gololi ya chuma kwa uzi wa sentimita 60 na kuibembeza kwa pembe ndogo, mibembeo 20 humchukua sekunde 31 hivi. Atagawa kwa 20 apate T, yaani muda wa mbembeo mmoja, atapata T², atarudia kwa urefu mwingine mara tano au sita, kisha atachora grafu ya T² dhidi ya urefu. Mteremko wa mstari ndio unaompa g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Kazi ya mikono ni nyepesi. Ripoti ndiyo inayomshinda, kwa kuwa jibu analijua kabla hajashika saa: kitabu kimeandika 9.81.

Kumbe 9.81 ni ya huko London. Buwenge haifiki digrii moja kaskazini ya ikweta, tena iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Thamani ya g hapo ni karibu 9.78. Uzi na saa ya shule haviwezi kuonyesha tofauti hiyo. Kuchelewa kubonyeza saa kwa sekunde 0.2 peke yake husogeza jibu kwa zaidi ya 0.1. Kwa hiyo 9.7 ni jibu la heshima, na 9.9 vilevile. Jedwali ambalo kila mstari wake unatoa 9.81 limepikwa, na msahihishaji analitambua mara moja.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa jibu linalojulikana mapema. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika, aliharakisha kuweka maziwa yake ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza jambo hilo Denis Osborne, mwanafizikia mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne aliporudi, alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate matokeo sahihi. Fundi huyo yumo katika kila darasa letu!

Ripoti ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, na sehemu ninayoipenda ni ya njia. Wametaja kiasi cha maji, ukubwa wa bika, na kwamba bika ziliwekwa juu ya povu la plastiki ili joto lisitorokee chini. Wametaja pia kwamba utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa. Msomaji anaweza kurudia, na anaweza kupinga. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipinga kweli: walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu juu au chini, matokeo yanaweza kugeuka. Ubishi wa namna hiyo unawezekana tu pale watu wanapoandika walichofanya.

Basi kwenye pendulamu ya gololi, mwanafunzi aandike urefu aliupima kutoka wapi hadi wapi. Wengi hupima uzi peke yake, wakaiacha gololi. Kosa hilo haliharibu mteremko. Husogeza mstari wote, usipite kwenye sifuri. Hapo mwanafunzi huogopa, akaulazimisha mstari upite sifuri, na g yake ikaharibika wakati huo huo. Angeuacha ulivyo, ripoti yake ingekuwa imeeleza jambo zaidi: mstari ukikata mhimili wa urefu sentimita moja nyuma ya sifuri, hiyo sentimita ni umbali kutoka mwisho wa uzi hadi kitovu cha gololi, nusu kipenyo ambacho hakukipima.