Makocha Sita, Ukame Uleule

Oktoba 2022 mashabiki wa New Jersey Devils walimzomea kocha wao, Lindy Ruff, katika mechi ya kwanza ya nyumbani, wakiimba kwamba afukuzwe. Mwezi uliofuata, timu ikiwa haishikiki, uwanja uleule uliimba kumwomba radhi. Devils walimaliza msimu na pointi 112, ilhali msimu uliotangulia, chini ya kocha huyohuyo, waliambulia 63. Ruff hakujifunza kazi upya ndani ya kiangazi kimoja. Kilichobadilika ni watu. Katika ule msimu wa aibu makipa saba walipokezana langoni. Kabla ya msimu mpya uongozi ulimleta kipa Vitek Vanecek, beki John Marino, na washambuliaji wazoefu Ondrej Palat na Erik Haula wa kuwasaidia vijana wenye vipaji waliokuwapo tayari. Nauanza uchambuzi wa Buffalo Sabres huko New Jersey kwa sababu Aprili 2024 Buffalo walimwajiri Ruff huyo, na wengi wakaamini kwamba dawa imepatikana. Walichokichukua ni kocha tu. Yale mengine yaliyomfanya aombwe radhi hayakuja naye.

Ukubwa wa tatizo uelezwe kwanza, maana hoki ya barafuni si mchezo wa kila siku kwa wasomaji wetu. Ligi ya NHL ina timu 32, kila moja kwa kawaida ilicheza mechi 82 kwa msimu katika miaka hii ya ukame, na timu 16 huingia hatua ya mchujo kuwania Kombe la Stanley. Kwa maneno mengine nusu ya ligi hufuzu, na waburuza mkia hupewa nafasi za mbele katika uteuzi wa vijana ili wajiinue. Katika mfumo wa namna hiyo kushindwa kwa muda mrefu kunahitaji juhudi. Buffalo walicheza mechi yao ya mwisho ya mchujo Aprili 2011, wakatolewa na Philadelphia katika mechi ya saba, kisha wakakaa nje misimu 14 mfululizo hadi 2025. Hakuna timu nyingine katika historia ya ligi iliyokaa nje muda huo. Kocha wa 2011 alikuwa Ruff, na kocha wa 2025 alikuwa Ruff. Kati ya vipindi vyake viwili walipita Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger na Don Granato. Hawakuwa wababaishaji wote: Bylsma alikuja akiwa tayari ametwaa Kombe la Stanley na Pittsburgh mwaka 2009. Benchi la ufundi lilipanguliwa mara saba na jedwali halikusogea. Hasira ya mashabiki ni halali kabisa, ila imekosea anwani. Sabres hawakukosa vipaji wala makocha. Walikosa uvumilivu na akili ya kuviweka vipaji vyao pamoja na watu wa kuvibeba, na kila mhimili ulipong'olewa, aliyelipia ni kocha.

Ili kuuona mhimili huo lazima tujue mchezo unavyochezwa. Washambuliaji huingia watatu watatu na mabeki wawili wawili, na kila kundi hukaa barafuni chini ya dakika moja kabla ya kupokewa. Kocha mwenyeji ana haki ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji mchezo unaposimama, kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi wake ni kuamua nani apambane na nani. Hapo mshambuliaji wa kati anayejua kukaba anakuwa lulu. Yeye hutumwa dhidi ya nyota wa upinzani na kuanzia zamu zake karibu na lango lake mwenyewe, ili kijana mwenye kipaji cha kufunga apewe dakika nyepesi upande wa pili. Timu isiyo na mtu huyo humlazimisha kijana wake afanye kazi zote mbili, na kijana wa miaka 21 hazimudu. Kocha awe nani, kama orodha yake haina jina la mtu wa kazi hiyo, hana karata ya kucheza.

Buffalo waliwahi kuwa naye. Mwaka 2015, kiangazi kilekile walichomchagua mshambuliaji chipukizi Jack Eichel katika uteuzi, walimleta Ryan O'Reilly kutoka Colorado na kumpa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 52.5. Kwa karatasi ulikuwa mpango mzuri: Eichel ashambulie, O'Reilly abebe mizigo. Lakini waliowazunguka walikuwa dhaifu, timu ikaendelea kufungwa, na mwishoni mwa msimu wa 2017/18 O'Reilly akakiri hadharani kwamba kuna nyakati alipoteza mapenzi na mchezo. Uongozi ulisikia kauli hiyo kama ugonjwa wa mchezaji badala ya taarifa kuhusu klabu. Julai 1, 2018 akauzwa St. Louis kwa washambuliaji wawili wa kujazia, kijana mmoja aitwaye Tage Thompson, na nafasi mbili za uteuzi. Chini ya mwaka mmoja baadaye St. Louis walitwaa kombe na O'Reilly akatajwa mchezaji bora wa mchujo. Huku Buffalo, msimu huohuo ulitoa ushahidi ambao mchambuzi angeuomba akiwa maabara. Novemba walishinda mechi kumi mfululizo, nyingi kwa tofauti ya bao moja, na baada ya mechi 25 walikuwa na pointi 36. Katika mechi 57 zilizobaki walishinda 16. Ushindi wa bao moja moja hufunika upungufu kwa wiki tatu au nne, kisha majira ya baridi huufunua. Housley akafunguliwa virago.

Kuna wanaosema ilikuwa bahati mbaya tu. Msimu wa 2014/15 Buffalo walijishusha kwa makusudi ili wampate chipukizi Connor McDavid katika uteuzi, kiasi kwamba Machi 2015 mashabiki wao walilipuka kwa shangwe pale Sam Gagner wa Arizona alipowafunga katika dakika za nyongeza. Kushika mkia kuliwapa nafasi ya asilimia 20 ya kuchagua wa kwanza; bahati nasibu ikawaangukia Edmonton. Hoja hii ina mvuto lakini haisimami. Wa pili alikuwa Eichel, na klabu inayompata Eichel si ya kuonewa huruma. Na Edmonton wenyewe, wakiwa na McDavid aliyekuwa tayari ameongoza ligi kwa jumla ya mabao na pasi za mabao, walikosa mchujo wa 2018 na wa 2019. Nyota mmoja hata awe wa namna gani hucheza takriban theluthi moja tu ya mechi. Zile theluthi mbili nyingine ndizo Buffalo hawakuzijali.

Lakini pigo lililo wazi kuliko yote lilikuwa langoni, na hapa nitakaa kidogo. Kiangazi cha 2021 kipa Linus Ullmark alimaliza mkataba wake Buffalo na kuhamia Boston kwa dola milioni 20 za miaka minne, yaani milioni tano kwa mwaka. Buffalo hawakuwa wamebanwa na ukomo wa mishahara. Walikuwa na nafasi tele. Wakamchukua Craig Anderson, mzee wa miaka 40 aliyeheshimika sana lakini asiyeweza tena kubeba msimu mzima. Twende sasa msimu wa 2022/23. Timu ya Granato ilikuwa burudani: ilifunga karibu mabao 300, miongoni mwa timu zilizofunga mengi zaidi katika ligi nzima, na ikafungwa mabao mengi kiasi hichohicho. Anderson na wenzake walipokezana lango mpaka mwisho. Sabres walimaliza na pointi 91. Florida Panthers walifuzu na 92, kisha wakafika fainali. Msimu huohuo, kule Boston, Ullmark alishinda mechi 40 na kutwaa tuzo ya kipa bora. Sidai kwamba angefanya vilevile nyuma ya mabeki wa Buffalo. Boston ile ilivunja rekodi ya pointi ya ligi. Nadai dogo zaidi: katika mechi 82, kipa wa wastani mzuri angepata pointi mbili za ziada. Na mtu akisema kwamba Ullmark aliondoka kwa hiari yake, ni kweli, ila mchezaji huru hupima klabu kama mnunuzi, na kipa yule alikuwa ametoka kwenye msimu wa mechi 18 mfululizo bila ushindi.

Je, kocha basi hana maana? La. Krueger alimfanya Jeff Skinner, mwenye mkataba wa dola milioni 72, kuwa mchezaji wa kundi la nne na hata kumkalisha jukwaani. Msimu wa 2020/21 akafunga mabao saba. Granato alimrudisha mbele, akafunga 33 msimu uliofuata. Granato huyohuyo ndiye aliyemtoa Thompson pembeni na kumweka kati, na yule kijana wa biashara ya O'Reilly akafikisha mabao 47. Kocha anaweza kumpandisha mchezaji au kumzamisha. Ila angalia aina ya kazi hiyo: Granato alivuna mabao kutoka kwa washambuliaji waliokuwapo. Hakuweza kuvuna kipa au mkabaji ambaye hakuwapo, na msimu wa 2023/24 mabao yalipopungua hapakuwa na cha kushikilia. Pointi 84, naye akaenda zake. Ruff alipokuja, Desemba 2024 timu ilikuwa katikati ya mechi 13 bila ushindi.

Ndipo meneja mkuu wa wakati huo, Kevyn Adams, alipowaeleza waandishi kwamba Buffalo haina minazi na kwamba New York ina kodi, akimaanisha kuwa wachezaji wakubwa hawataki kuja. Mashabiki walimjibu kwa kuja uwanjani na minazi ya plastiki, na kwa maoni yangu huo ndio uchambuzi bora uliofanyika Buffalo mwaka ule. Florida, Tampa na Las Vegas wana hali ya hewa nzuri na hawana kodi ya jimbo ya mapato, sawa. Lakini Winnipeg ni baridi kuliko Buffalo, na ndiyo iliyoongoza ligi nzima msimu wa 2024/25 kwa pointi 116, ikiwa na kipa Connor Hellebuyck waliyemteua wenyewe mwaka 2012 na kumwongezea miaka saba alipokaribia kuondoka. Wala mji si sababu. Bills, timu ya soka ya Kimarekani ya mji huohuo na ya mmiliki huyohuyo, Terry Pegula, ilimaliza ukame wake wa miaka 17 mara baada ya kupata kocha na meneja mwaka 2017, ambao waliachwa wafanye kazi.

Hoja ya minazi ina tatizo jingine, zito zaidi: inazungumzia wanaokataa kuja, wakati hesabu ya Buffalo ni ya walioondoka. O'Reilly alitwaa kombe 2019. Eichel, baada ya mgogoro na klabu kuhusu aina ya upasuaji wa shingo yake, alienda Vegas na kulitwaa 2023. Sam Reinhart alifunga bao la ubingwa la Florida katika mechi ya saba ya fainali ya 2024, akiwa na Brandon Montour na Kyle Okposo, wote watatu wakiwa wametoka Buffalo. Reinhart alifunga mabao 57 msimu ule akicheza karibu na Aleksander Barkov, mkabaji wa kati wa daraja la juu kabisa. Sabres walikuwa wamemteua kijana sahihi. Hawakumpa Barkov wake.

Juni 2025 JJ Peterka, miaka 23, aliyetoka kwenye msimu wa mabao 27 na pointi 68, aliuzwa Utah kwa beki Michael Kesselring na mshambuliaji mchapakazi Josh Doan. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, waliokuja walikuwa watu wa aina iliyokosekana: beki mrefu wa mkono wa kulia, na kijana anayerudi kukaba bila kusukumwa. Bei yake, hata hivyo, ilikuwa ileile ya Eichel na Reinhart, mfungaji kijana anayeondoka kabla hajafika kilele, na kiangazi kile mjadala wa mitaani Buffalo uliendelea kuwa kama Ruff abaki au aondoke.