Kazi Humwogopa Fundi

Warusi wana methali ya maneno matatu tu, delo mastera boitsya: kazi humwogopa fundi. Wapo wanaoiongezea mkia kwamba yupo pia fundi mwingine anayeiogopa kazi, na mkia huo ndio unaochekesha zaidi. Mfasiri anayeipeleka kwenye Kiingereza ana njia rahisi mbele yake, nayo ni kuandika kwamba fundi hodari huimudu na kuifurahia kazi yake. Ujumbe umefika, hakuna aliyedanganywa. Ila mtenda amebadilishwa. Kwenye Kirusi ni kazi inayoogopa na kusalimu amri, fundi kasimama tu na sifa zake. Kwenye Kiingereza fundi kashika usukani, na kazi imegeuka kitu cha kufanyiwa. Hoja yangu ni kwamba katika misemo ya raha ya kazi, cha kuokoa kwanza ni nafasi hiyo ya mtenda. Picha iliyomo kwenye msemo inaweza kusubiri.

Msemaji wa Kiswahili analiona jambo hili upesi, kwa kuwa misemo yake imejengwa vivyo hivyo. Mchukue fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, anayeshona kola ya shati. Ameshaunganisha vipande viwili kwa ndani. Anapunguza kitambaa kwenye pembe, anaigeuza kola nje, kisha anaisukuma ncha kwa mkasi taratibu mpaka ichongoke bila kutoboka. Mtu wa barazani anayemtazama hamwambii kwamba anaipenda kazi yake. Anasema, "Leo kazi imekunogea." Kiima ni kazi, fundi yumo ndani ya kitenzi, amebanwa kwenye ile -ku- kama mtendewa. Na kunoga, sawa na kukolea, ni maneno ya jikoni. Mchuzi haunogi kwa sababu mlaji ana mazoea ya kupenda mchuzi. Hunoga ukifika hatua yake, siku hiyo, katika chungu hicho. Ndiyo maana mtu anaweza kuichoka kazi yake mwaka mzima na bado ikamnogea alasiri moja. Ukisema anaipenda, umetoa habari ya tabia. Ukisema imemnogea, umetoa habari ya tukio. Mfasiri anayezichanganya hizo mbili amegusa habari yenyewe, wala asijitetee kwamba ni suala la mtindo.

Kirusi kina akiba kubwa ya misemo ya tukio. Vladimir Dal, ambaye mkusanyo wake wa methali zaidi ya 30,000 ulichapishwa mwaka 1862, alizipanga kwa mada wala si kwa alfabeti, na mambo ya kazi na uvivu yamejaa humo. Katika mazungumzo ya kila siku Mrusi husema rabota kipit, kazi inachemka. Husema pia rabota sporitsya, na huu ndio mtihani wenyewe, maana kitenzi chake ni ndugu wa neno la kale sporynya, lililobeba maana ya ziada na ustawi, jirani kabisa na baraka yetu. Kazi ya namna hiyo ni kazi iliyoingia baraka: inasonga kuliko nguvu iliyotiwa. Kiingereza hakina kitenzi cha kulingana nacho, na hapo ndipo mfasiri mvivu hukimbilia kumsifu mfanyakazi kwa moyo wake wa kujituma. Hakuwa na haja. Kiingereza nacho kinaweza kusema kwamba kazi inakwenda yenyewe, au kwamba imo in full swing. Msemo huu wa pili, ulio jirani na rabota kipit, umeutupa moto na sufuria ya Mrusi, lakini kazi imebaki mbele. Kwetu mambo ni mepesi zaidi: kazi imepamba moto, basi.

Atatokea wa kupinga kwamba picha ndiyo utamaduni wenyewe, na kwamba kuitupa ni kumnyima msomaji Urusi. Pingamizi hili lina uzito pale picha inapovuka salama. Glaza boyatsya, a ruki delayut, macho huogopa na mikono hutenda, inavuka ilivyo hadi Kiingereza na hadi Kiswahili, na kuichezea ni ukorofi. Lakini kuna rabota v rukakh gorit, kazi inawaka moto mikononi, ambayo ni sifa ya mtu mwepesi na hodari. Iache hivyo, na msomaji wa London atadhani kuna ajali. Wa Ngamiani ataulizia maji. Mwingine atasema Kiingereza chenyewe hupenda mtu awe kiima, na tafsiri sharti isomeke. Nakubali nusu. Pale ambapo mtu hana budi kutangulia, mfasiri anaweza bado kuchagua kitenzi cha tukio, aseme kwamba alizama kazini saa zikampita, kuliko kumvika mapenzi ya kudumu.

Pingamizi zito ni la historia. Rabota limetokana na rab, mtumwa. Na Tanga hii si mahali pa kuimba raha ya kazi bila kuuliza ni kazi ya nani. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ikisalimika safarini kutoka Florida na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yaliyofuata yaliendeshwa kwa jasho la manamba wenye kadi ya kipande ya siku 30 za kazi. Pia sisi ndio tunaosalimiana "pole na kazi". Je, lugha inayompa mfanyakazi pole ina haki ya kudai kwamba kazi hunoga? Inayo, na sababu ni sarufi ileile. Kwa kuwa kazi ndiyo kiima, msemo haumlazimishi mtu kuungama mapenzi yoyote. Mkata mkonge aliyekamilisha mafungu yake kabla jua halijawa kali angeweza kusema "leo imekwenda" bila kumpa mwenye shamba hata chembe ya shukrani. Tafsiri inayoandika kwamba aliifurahia kazi yake inamtilia shukrani hiyo mdomoni.