Kwa nini mpira wa makaratasi haudundi

Kwenye viwanja vya watoto Ruiru na Thika kuna mipira ya aina mbili: wa dukani, na ule wa makaratasi ya plastiki au matambara uliokazwa kwa kamba. Angusha yote miwili kutoka usawa wa kichwa. Wa dukani unarudi hadi kiunoni na kupita. Wa makaratasi unatua pu! na kutulia papo hapo. Wengi husema ni uzito. Sivyo.

Mpira ukigonga chini hubonyea, na nishati ya mwendo huhifadhiwa katika ule mbonyeo. Unadunda kwa kadiri ya nishati inayorudishwa. Ndani ya mpira wa dukani kinachobanwa zaidi ni hewa, nayo hurudisha karibu yote iliyopokea. Ndani ya mpira wa makaratasi matabaka husuguana na kuhama, nishati ikaishia kuwa joto.

Ugumu nao si kizuizi. Mpira wa gofu unaochezwa Thika Sports Club au Ruiru Sports Club hauna hewa ndani, lakini raba yake hujinyoosha upesi. Gololi ya kioo huruka vizuri kwenye saruji, kwa sababu kioo hubonyea kidogo mno na kurudi kilivyokuwa. Idondoshe gololi hiyo hiyo kwenye udongo mweusi uliolowa: haitoki. Safari hii ardhi ndiyo iliyobonyea, na haikurudi.

Viwango vya mashindano hupima jambo hilo hilo. Mpira namba 5 wa daraja la juu la FIFA, ukiangushwa mita 2 juu ya bamba la chuma, sharti udunde sentimita 135 hadi 155. Wa tenisi huangushwa sentimita 254 na kurudi 135 hadi 147, yaani zaidi kidogo ya nusu.

Mwinuko pia una athari. Thika iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na hewa ya nje hapa ina shinikizo dogo kuliko Mombasa. Mpira uliojazwa pwani ukapandishwa huku hufika ukiwa umekaza zaidi.

Kwa hiyo, kocha, kabla ya kulaumu mpira chora alama ya mita 2 ukutani, uangushe kwenye sakafu ya saruji, uangalie unafika wapi. Ukirudi chini ya mita moja, anza na pampu.