Ngaahika Ndeenda Imerejea, Lakini Imerejea Wapi?

Mei 2022 tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ilipanda jukwaani Nairobi, katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, ikachezwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Tangu siku hizo kila wahakiki wenzangu wakiitaja, neno ni lile lile: imerudi nyumbani. Katika makala haya nakusudia kulipinga neno hilo. Silipingi lote, nusu yake naikubali.

Tuanze na historia, maana wengi wetu tunaijua kazi hii kama kitabu tu, tena wengine kwa tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliiandika kwa ajili ya kituo cha elimu cha Kamirithu, Limuru. Wanakijiji walijijengea ukumbi usio na paa, wa watu wapatao 2,000. Mazoezi yalikuwa ya hadharani. Mtu akitoka shambani au kiwandani alisimama akatazama, na akisikia mzee wa mchezoni anasema kama kijana, hakunyamaza. Alisahihisha hapo hapo, na maneno yakabadilishwa. Kwa maoni yangu hao ndio wahakiki wa kwanza wa tamthilia hii, na sijui kama sisi wa vyuoni tumewafikia.

Ilifunguliwa Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 watu wa Kamirithu walikuja na Maitu Njugira, wakafungiwa mlango wa Ukumbi wa Taifa huo huo ninaousema. Machi mwaka huo polisi wakaubomoa ukumbi wao wa kijijini.

Basi nusu ninayoikubali ni hii: mlango uliofungwa 1982 umefunguka. Kwa hilo nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Waigizaji walijua kazi yao, na nyimbo, jamani, zilitusimamisha.

Lakini nyumbani? Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Limuru. Mwaka 1977 alikuwa mchuma chai, na mchezo aliuona akiwa na mtoto mgongoni. Nilimnunulia tiketi, akakataa kwenda. Nikadhani ni miguu, au ni matatu za jioni. Akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, huko wakikosea, nani atanisikia nikiwaambia?" Sikuwa na jibu, nikaenda peke yangu.

Ndani ya ukumbi ndipo nilipomwelewa. Kiguunda ana ekari moja na nusu tu, na hati yake ya shamba imetundikwa ukutani. Tajiri Kioi anaizunguka mpaka anaipata, kwa njia ya harusi ya kanisani na mkopo wa benki. Kule Kamirithu akina Kioi walikuwa majirani. Aliyemcheka Kioi jioni alikutana naye asubuhi yake. Sisi tulimcheka kwa raha, kisha tukatoka kwenda kwenye magari. Mimi sina gari, lakini nilicheka vile vile, tena kwa sauti. Maudhui hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani anaogopa nini akiyasikia.

Najua nitaambiwa kwamba matini ni matini, na kwamba mchezo mzuri unachezeka popote. Hoja hiyo inafaa kwa tamthilia iliyoandikwa chumbani. Hii ilikamilishwa na watu waliokuwa na haki ya kuikatiza. Tukiwanyima haki hiyo tunabaki na maneno yao, wao hawapo.

Na waandishi nao hawawezi tena kurudi. Wa Mirii alifariki Zimbabwe 2008. Wa Thiong'o alirejea 2004 baada ya miaka 22 ya uhamisho, akavamiwa Nairobi mwezi wa kwanza tu. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Imebaki tamthilia yenyewe. Haihitaji jumba, uwanja wowote wa Limuru unatosha, Jumapili mchana, na wiki mbili za mazoezi yasiyo na lango.

Likizo iliyopita nilianza kumsomea bibi kitabu. Hatujamaliza onyesho la kwanza na ameshanisimamisha mara tatu. Mara mbili alikuwa ananisahihisha matamshi. Mara ya tatu alikuwa anamsahihisha Ngũgĩ.