Upasuaji wa Kifua kwa Watu wa Transijenda: Ngozi Ndiyo Huamua Mkato

Kuondoa nyama ya titi si sehemu ngumu zaidi ya upasuaji wa kifua kwa watu wa transijenda. Kazi iko kwenye ngozi inayobaki, na mahali chuchu itakapokaa. Mwaka 2008, Stan Monstrey na wenzake wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wao 92 na kupendekeza namna ya kuchagua mkato. Walionyesha kuwa ukubwa wa titi hautoshi kumwongoza daktari. Lazima apime pia wingi wa ngozi na uwezo wake wa kunywea.

Titi likiwa dogo na ngozi ikiwa imara, mkato wa nusu duara kando ya eneo lenye rangi linalozunguka chuchu unatosha. Nyama hutolewa kupitia hapo, ngozi hunywea yenyewe, na kovu karibu halionekani. Ngozi ikizidi kidogo, hukatwa pete kuzunguka chuchu.

Titi likiwa kubwa, au ngozi ikiwa imelegea, njia hizo hazifai. Hapo hukatwa mstari mrefu chini ya kila titi, ngozi ya ziada huondolewa, na chuchu hutolewa kabisa, hupunguzwa, kisha hupandikizwa mahali papya. Kifua hutoka bapa na chuchu hukaa panapotakiwa. Gharama yake ni makovu mawili marefu na kupungua kwa hisia, kwa sababu mishipa ya fahamu ya chuchu imekatwa. Kipandikizi huishi kwa damu ya ngozi iliyo chini yake. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aache sigara mapema: nikotini hubana mishipa ya damu, na chuchu inaweza kufa.

Wengi huvutwa na mkato mdogo kwa kuhofia kovu. Lakini daktari anayefanya kazi kupitia tundu dogo huona kwa shida mahali damu inapotoka, hivyo damu huweza kuvilia ndani. Ngozi isiponywea, hubaki mikunjo inayodai upasuaji wa pili. Katika wagonjwa wa Ghent, takriban theluthi moja ya kazi ilihitaji marekebisho ya mwonekano. Kovu refu lililopangwa vizuri, kwa kufuata ukingo wa chini wa msuli wa kifua, ni bora kuliko kovu fupi juu ya ngozi iliyokunjamana.

Tofauti ya upasuaji huu na ule wa kuondoa titi lenye saratani pia si ya jina tu. Kwenye saratani daktari hulenga kumaliza nyama yote ya titi. Hapa huacha tabaka la mafuta na, chuchu isipopandikizwa, nyama kidogo chini yake ili isibonyee. Mkunjo wa chini ya titi nao huvunjwa, la sivyo umbo la zamani hubaki likionekana.

Kwa wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake, lengo haliwezi kudhaniwa. Mmoja hutaka kifua bapa kabisa, mwingine titi dogo tu, na mwingine kifua kisicho na chuchu. Mwongozo wa mwaka 2022 wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu wa transijenda, umewatengea sura yao, na hauwalazimishi kutumia homoni kwanza ikiwa hawazitaki. Mbinu za kisu ni zilezile; kinachobadilika ni mchoro unaowekwa kwenye ngozi kabla ya kukata, na mchoro huo lazima utokane na maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Basi anayejiandaa asianze kwa kuuliza kovu litakuwa fupi kiasi gani. Aulize ngozi yake inaruhusu mkato upi, hisia gani zitapotea, na nani atamwangalia damu ikivilia. Na baada ya kupona akumbuke kuwa nyama kidogo ya titi huweza kubaki: uvimbe wowote kifuani upelekwe hospitali mapema.