Kongole kwa Afisa Ustawi

Kijana anayelala stendi ya mabasi Mwanza mara nyingi hakufukuzwa na njaa peke yake. Kulikuwa na ugomvi nyumbani, fimbo, au baba wa kambo asiyemtaka. Afisa ustawi wa jamii mzuri hufika kabla begi halijafungwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 imezipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto, ila kazi yenyewe hufanyika mkekani. Afisa humsikiliza kijana faraghani, kisha mzazi, ndipo awakalishe pamoja. Shangazi naye huitwa, maana kuna maneno baba hayapokei ila kwa dada yake. Penye kipigo afisa hamrudishi mtoto. Humtafutia ndugu mwingine. Hongera zake, na halmashauri zimpe japo pikipiki.